Tegemeo la Greenspan

Katika masoko ya fedha upo mkataba unaompa mwenye hisa haki ya kuziuza kwa bei iliyokubaliwa mapema, hata kama bei ya sokoni imeporomoka. Kwa Kiingereza mkataba huo huitwa "put", na anayeutaka huulipia ada. Kutokana nao, watu wa Wall Street walibuni msemo "Greenspan put", nao unahitaji jina la Kiswahili lisilopotosha.

Alan Greenspan alianza kuiongoza Benki Kuu ya Marekani Agosti 1987. Tarehe 19 Oktoba mwaka huo, faharasa ya hisa ya Dow Jones ilianguka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja. Kesho yake asubuhi Benki Kuu ikatangaza kuwa iko tayari kuupatia mfumo wa fedha ukwasi. Mwaka 1998, mfuko wa uwekezaji wa LTCM ulipokaribia kufilisika, ikapunguza riba mara tatu. Wawekezaji wakazoea kuamini kwamba hisa zikianguka, Benki Kuu itaziinua, na imani hiyo ndiyo iliyoitwa "Greenspan put".

Je, tuseme "dhamana ya Greenspan"? Hapana. Dhamana ina mdhamini aliyetia saini, naye akikiuka hushtakiwa. Hapa hakuna aliyetia saini wala aliyelipa ada. "Kinga" nayo inaahidi mno. Napendekeza "tegemeo la Greenspan", kwa kuwa kilichokuwapo ni watu kutegemea tu, na hatari yote imo katika kutegemea huko: mtu hukopa zaidi na kununua hisa ghali bila kuuliza kampuni inapata faida gani.

Mwaka 2001 Benki Kuu ilipunguza riba mara 11, kutoka asilimia 6.5 hadi 1.75. Hata hivyo, kati ya Machi 2000 na Oktoba 2002, faharasa ya Nasdaq, iliyojaa kampuni za teknolojia, ilipoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake. Riba nafuu haiwezi kuipa wateja kampuni isiyo nao.

Mwaka 2022 hali ilikuwa ngumu zaidi kwa waliotegemea. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 mwezi Juni, na Benki Kuu ikaendelea kupandisha riba huku hisa zikishuka. Haikumsaliti yeyote. Sheria ya Marekani inaiagiza isimamie ajira, uthabiti wa bei za bidhaa na riba za wastani za muda mrefu. Bei za hisa hazimo.