Nanasi Juu ya Mwanzi: Soko la Majini la Cái Răng

Katika mto Cần Thơ, kusini mwa Vietnam, mchuuzi hana haja ya kibao wala ya kunadi kwa sauti. Husimamisha mwanzi mrefu kwenye mashua yake, akatundika juu kile anachouza: nanasi, boga, kabichi, kiazi kitamu. Mnunuzi huona kwa mbali, akaelekeza chombo chake huko. Nguo zilizoanikwa haziuzwi. Ni za wenye mashua, ambao hulala humo humo. Supu ya tambi na kahawa huuzwa bila kutundikwa, nani angeweza? Na likionekana kuti juu ya mwanzi, inauzwa mashua yenyewe, kwa kuwa kuti ni paa na mashua ni nyumba.

Soko hilo, Cái Răng, lilishamiri mwanzoni mwa karne ya 20, wakati delta ya Mekong ilikuwa na maji tele na barabara chache. Kati ya 1901 na 1903 wakoloni Wafaransa walichimba mfereji wa Xà No, wakaunganisha mto Cần Thơ na upande wa Ghuba ya Thailand ili mpunga upate njia ya kutokea. Palipokutana njia za maji, palizuka soko.

Lilikuwa, na bado ni, soko la jumla. Mashua kubwa hufika na shehena, ikatia nanga siku kadhaa mpaka mzigo uishe. Ukaaji huo ndio uliozaa ujirani: familia zilipika, zililea watoto na kupashana habari ubavu kwa ubavu, huku mitumbwi ya supu na kahawa ikizunguka kati yao tangu kabla ya alfajiri.

Somo chungu kwa masoko ya aina hii lilitoka Ngã Bảy, soko jingine la majini la delta hiyo, ambako mifereji saba hukutana. Mashua zilijazana hadi njia ikaziba, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakuu wakalihamishia soko hilo kwenye mfereji mwingine, kilomita chache tu kutoka hapo. Likadhoofu mpaka likafa. Wachuuzi walihamishwa, lakini makutano ya mifereji hayahamishiki.

Cái Răng halikuhamishwa. Mzigo ndio uliohama. Daraja la Mỹ Thuận lilifunguliwa mwaka 2000, la Cần Thơ mwaka 2010, na malori yakaanza kuchukua matunda shambani kwenyewe. Kisha kukajengwa kuta za kuzuia mmomonyoko wa kingo, jambo la lazima kwa usalama wa wakazi, ila zikakata vigati vilivyounganisha mashua na maghala ya nchi kavu.

Mwaka 2016 soko likatangazwa urithi wa taifa. Watalii ni wengi, na kuna asubuhi ambapo boti zao huzidi mashua za biashara. Huko Damnoen Saduak, soko la majini la Thailand lililo kwenye mfereji uliofunguliwa mwaka 1868, mambo yamefika mbali zaidi: sehemu kubwa ya bidhaa ni kwa ajili ya wageni.

Muuza supu wa Cái Răng huweza kunufaika na wageni hao. Mwenye shehena ya viazi hana cha kumuuzia mtalii, maana yeye hauzi kilo moja. Huuza kwa magunia, kwa mchuuzi ambaye siku hizi huletewa mzigo na lori.