Mchungaji wa Azusa Street

Jengo namba 312, Azusa Street, Los Angeles, liliwahi kuwa kanisa la Wamethodisti Weusi, kisha likageuzwa ghala na zizi. Aprili 1906 William Joseph Seymour na wenzake walilifagia, wakamwaga unga wa mbao sakafuni na kutandika mbao juu ya mapipa ya misumari ziwe mabenchi. Mimbari ilikuwa makasha mawili yaliyopandanishwa. Mara nyingi Seymour alikaa nyuma yake, kichwa amekiingiza ndani ya kasha la juu, akiomba.

Alizaliwa Louisiana mwaka 1870, mtoto wa wazazi waliotoka utumwani. Ndui ilimpofusha jicho moja. Huko Houston, alipotaka kujifunza Biblia kwa mhubiri Charles Parham, ubaguzi ulimnyima kiti darasani. Alisikiliza akiwa nje ya mlango. Mapema 1906 aliitwa Los Angeles na kanisa dogo, ambalo punde likamfungia mlango kwa sababu ya mafundisho yake kuhusu kunena kwa lugha. Akaendelea kuomba na watu wachache katika nyumba moja ya Bonnie Brae Street. Jioni ya Aprili 9 Roho aliwashukia, na majirani wakafurika hadi barabarani. Nyumba haikutosha tena. Ndipo wakahamia Azusa.

Kwa karibu miaka mitatu ibada zilifanyika kila siku, mara nyingi hadi usiku wa manane. Weusi, Weupe na Wamexico walipiga magoti pamoja, katika nchi iliyowatenganisha hata kwenye viti vya treni, na kiongozi wao alikuwa mtoto wa watumwa. Kwangu mimi, muujiza mkubwa wa Azusa ni huo. Parham alipofika Oktoba 1906, aliuchukia mchanganyiko huo na kuupinga waziwazi. Lakini moto ulivuka bahari: Lucy Farrow, mwanamke Mweusi aliyehudumu pamoja na Seymour, alikwenda kuhubiri Liberia.

Mwaka 1908 gazeti la misheni ya Azusa lilihamia Portland, na orodha ya wasomaji ikaenda nalo. Waumini wakapungua. Seymour alibaki na kundi dogo hadi alipofariki Septemba 28, 1922. Mkewe, Jennie, akashika uchungaji. Jengo lilibomolewa mwaka 1931.

Wachungaji wetu wa Kipentekoste, wafundisheni watoto wa shule ya Jumapili jina la Seymour.