Kipimo cha Mwalimu wa Afya

Mtu atakayetumwa kuwafundisha wenziwe afya hupimwa kwa nini? Wengi watajibu: kwa mtihani. Hupewa karatasi, akaandika sababu za malaria na kipindupindu, kisha akapewa alama. Lakini historia ya nchi yetu inatuonyesha kipimo kingine.

Mwaka 1907 bibi mmoja wa Marekani, Anna Jeanes, alitoa dola milioni moja zisaidie shule za watu weusi katika mashamba ya kusini mwa nchi yake. Mwaka uliofuata, katika jimbo la Virginia, Bibi Virginia Randolph akawa mwalimu wa kwanza wa kazi hiyo, akizuru shule moja baada ya moja na kuwasaidia walimu wenziwe. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika ya Mashariki, na mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kwa kufuata mfano huo.

Walioitwa Kabete walikuwa walimu waliokwisha kufundisha. Walikuja na wake zao na watoto wao, wakapewa nyumba za kukaa. Mume alijifunza jinsi ya kuzishauri shule za vijijini. Mke alijifunza malezi na usafi wa nyumba.

Basi nyumba yenyewe ikawa mtihani. Mtu aweza kuandika kwamba inzi hutoa uchafu chooni akautia katika chakula. Je, choo chake kina kifuniko? Aweza kusema kwamba maji ya kunywa yachemshwe. Je, ya mtungini mwake yamechemshwa? Maneno hukaririwa kwa usiku mmoja, bali desturi haikaririki.

Hata hivyo kipimo hicho nacho kina upungufu. Zama zile zilikuwa za ukoloni, na amri zilikuwa nyingi. Mtu aweza kufagia ua kwa kumwogopa mkaguzi, asijue sababu ya kufagia. Mzee wa kijiji akimwuliza, atajibu, "Ndivyo tulivyoambiwa." Jibu hilo halimshawishi mtu.

Mwaka 1961 mahali pale pakawa chuo cha maofisa wa serikali, na siku hizi walimu wa afya husomea hata katika vyuo vikuu. Lakini mambo ya kuwapima yangali matatu. Je, ajua sababu? Je, atenda ajualo? Je, aweza kumweleza mama wa kijijini bila kumdharau? Karatasi hupima la kwanza tu. Mawili yaliyosalia hutaka jicho na muda.

Nanyi wasomaji, baadhi yenu mtaifanya kazi hiyo. Kosa la hesabu hubaki katika daftari la aliyelikosa, bali kosa la mwalimu wa afya hunywewa na mtoto wa mtu mwingine.