Gari ya kulala njiani: namna ya kutengeneza Hiace ama Land Cruiser kwa barabara za Masisi na Walikale

Mtu anayetoka Goma asubuhi kuelekea Walikale kwa njia ya Masisi hawezi kuahidi jamaa yake saa ya kufika. Fuso moja ikilala katikati ya matope kisha Nyabiondo, gari zote zinapanga mstari nyuma yake, na usiku unakuta watu palepale. Wengine wanalala wakiketi kwenye viti, wengine chini ya bashi. Wale wa kupita Bukavu wanajua mambo yaleyale kati ya Hombo na Itebero. Kwa hiyo kugeuza gari ikuwe mahali pa kulala si jambo la watalii peke yao. Kwetu ni jambo la shofere, la mama anayezunguka masoko na bidhaa, la muganga anayefuata wagonjwa ku vijiji.

Ulaya kazi hii ni ya zamani. Volkswagen ilianza kutengeneza gari yake ya Type 2 mwaka 1950, na mwaka 1951 kampuni Westfalia ya Ujerumani ikatoa kama sanduku la vyombo, kitanda na kabati, lile mtu anaingiza ndani ya gari siku ya safari na kuliondoa siku ya kazi. Nairobi, garaji nyingi zinakata paa za Land Cruiser na Hiace ili zinyanyuke, watalii wasimame kuangalia nyama wa pori. Paa ya kukata mimi siishauri hapa. Mvua ya kwetu inatafuta kila tundu. Lakini lile wazo la sanduku la kuondoa ni zuri sana, juu gari yetu lazima itumike siku zote: jumatatu inabeba maharagi, alhamisi inabeba watu wa kilio.

Gari gani?

Hiace inapatikana, vipande vyake viko kila pahali, na kila makanisyani anaijua. Ile ndefu ya kawaida iko na urefu wa karibu metre 4 na santimetre 70, na upana wa metre 1 na santimetre 70 kwa inje. Maana yake, mtu mkubwa hawezi kulala kwa upana. Atalala kwa urefu, kichwa nyuma ya kiti cha shofere. Shida yake ni kwamba iko chini, na nyingi zinasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Toka Goma mpaka Sake na hata kupanda Mushaki wakati wa jua, itafanya kazi. Wakati wa mvua, kisha Masisi-centre, utalipa vijana wa kusukuma mpaka mfuko uishe.

Land Cruiser 78, ile ndefu ya milango ya nyuma ambayo tunaiona ku mahospitali, inapita pale Hiace inakataa. Nafasi yake ya nyuma inafika metre mbili, kitanda kinaenea. Moteri yake ya 1HZ, mazutu, silinda sita, litre 4.2, haina mambo mingi ya elektroniki. Bei ndiyo inaogopesha.

Kuna kitu kimoja watu wanasahau. Hiace nyingi zinatoka Japani, ambako wanaendesha mkono wa kushoto wa barabara. Mlango wao wa kusukuma uko upande wa kushoto. Sisi Kongo tunaendesha mkono wa kuume, kwa hiyo ukisimama pembeni, mlango huo unafungukia katikati ya barabara, pale pikipiki zinapita mbio. Mtoto anayeamka na kuruka inje anaweza kugongwa. Basi panga vitu ili mtu atokee nyuma, na uweke kifungo cha juu kwenye mlango wa kando, pale mtoto hafiki.

Kitanda

Usitoboe kitu mbele ya kulala chini ya gari na toroshi. Chini ya sakafu kuna tanki, na kuna mirija ya freni na ya mazutu. Fundi mwenye haraka akitoboa mrija wa freni, utajua siku ya kuteremuka Sake.

Tumia buloni zinazopita sakafu yote, na chini yake uweke rondeli pana ama kipande cha chuma ili buloni isipasue bati. Misumari haitoshi, barabara yetu inaitingisha mpaka inatoka yenyewe. Kwa mbao, libuyu inavumilia lakini ni nzito. Mukalitusi ni bei rahisi, ila usipoukausha vizuri unapinda na kupasuka. Fremu ya mbao kavu na triplex ya milimetre 12 ama 15 juu yake inatosha. Urefu wa kitanda toka sakafu usipite santimetre 40, ili mtu aweze kuketi bila kugonga kichwa na bado chini yake pabaki nafasi ya bidoni na vyombo.

Vitu vizito viwekwe chini, karibu na katikati ya gari, na vifungwe na kamba. Bidoni ya maji ya litre 20 ni kilo 20. Ukifunga freni kwa nguvu, inaruka sawa jiwe kwenye shingo ya shofere. Juu ya paa weka matela na bashi, si magunia, juu ku kona za mlima gari yenye kichwa kizito inageuka.

Na kitanda si kiti. Gari ikitembea, watu wakae kwenye viti vyenye mikaba. Kuna wanaoondoa viti vyote na kupanga abiria juu ya matela. Hao wanatengeneza kaburi.

Ninaomba jambo moja zaidi kwa wanaoanza leo: acha upande mmoja wa kitanda uwe sawa, bila kabati, toka mlango wa nyuma mpaka mbele. Vijiji vyetu vinaleta mgonjwa ku barabara kwa tipoyi. Siku moja watasimamisha gari yako na mama mwenye uchungu wa kuzaa, na itafaa tipoyi iingie moja kwa moja bila kumkunja.

Baridi, moshi na mazuku

Hapa ndipo watu wanakufa, basi tusome polepole.

Milima ya Masisi sehemu nyingi inapita metre 2 000, na usiku bati la gari linakuwa baridi sawa barafu. Watu wanaingiza mbabula ya makala ndani na kufunga vioo. Makala inayowaka inatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, hata kama makala haionyeshi moshi tena. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, kisha usingizi. Aliyelala hasikii kitu. Mimi mwenyewe niliwahi kulala na wenzangu wanne ndani ya Hiace yenye mbabula, njiani kwenda Nyabiondo. Mmoja aliamka kwenda kujisaidia, akaanguka mlangoni, na kwa sababu mlango ulibaki wazi sisi wengine tukapona. Tulifikiri ni chakula kibaya. Ni muganga aliyetuambia ukweli.

Kwa hiyo mbabula inabaki inje, hata ikizimika nusu. Pikia nyuma, mlango ukiwa umefunguliwa, gari ikisimama. Kwa baridi tumia blanketi, na uweke mousse ama karto chini ya matela, juu baridi inatoka sana ku sakafu. Kioo kimoja mbele na kimoja nyuma viachwe wazi kwa upana wa vidole viwili, na wavu wa mbu juu yake. Hewa hiyo pia inaondoa maji ya pumzi ambayo asubuhi yanatiririka kwenye bati na kuozesha mbao. Wavu ni wa lazima hasa ukiteremuka Walikale, kule chini penye joto na malaria.

Moteri nayo isiachwe ikilia ili watu wapate joto. Gari ikizama matopeni na bomba la moshi likizibwa, moshi unarudi ndani kupitia sakafu.

Kisha kuna mazuku. Wakaaji wa Sake na wa kando ya ziwa Kivu mpaka Goma wanaijua: ni gazi karboniki inayotoka ardhini kwenye mawe ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, inalala kwenye mabonde madogo na mashimo, zaidi usiku na asubuhi mapema mbele ya jua na upepo kuitawanya. Mbuzi anaingia shimoni na hatoki. Mtu anayelala kwenye gari iliyosimama shimoni, vioo vikiwa wazi, anaweza asiamke, na hapo kufungua vioo hakumsaidii. Ukifika Sake usiku, simama juu, kandokando ya barabara yenyewe, na uulize wenyeji mbele ya kuzima moteri. Usiiname na kiberiti kupima. Ukiona mwenzako ameanguka ndani ya shimo, usimfuate mbio. Wengi wamekufa wakiokoa wengine.

Umeme

Betri ya moteri iachiwe moteri. Ukiwasha taa na redio usiku kwa betri hiyo, asubuhi utasukuma, na ku matope hausukumi kitu. Weka betri ya pili. Betri ya volti 12 na ampere-saa 100 iko na kama wati-saa 1 200, lakini betri ya asidi isishuke chini ya nusu, ama itakufa haraka. Basi hesabu 600. Taa ndogo ya wati 5 kwa saa tano inakula 25, simu moja kama 15. Inatosha siku nyingi. Friji na pasi usahau.

Plaki ya sola ya wati 100 kwenye paa inaweza kuleta wati-saa 300 mpaka 400 siku ya jua zuri. Siku za mawingu ya Masisi ni kidogo sana. Iunganishe kwa regilatere, si moja kwa moja. Na karibu na plisi ya kila betri weka fizibli, kile kidude kinachoungua kwanza ili gari isiungue. Waya mwembamba bila fizibli, juu ya triplex na matela: hakuna kizima-moto cha kufika huko.

Kutunza

Mazutu ya bidoni pembeni ya barabara mara nyingi iko na maji. Iache itulie, imimine kwa kitambaa, usimalize chini ya bidoni. Chini ya filtri ya mazutu kuna parafujo. Ifungue kila wiki, maji yatoke. Filtri ya hewa ipige vumbi kila safari wakati wa jua.

Kurwa ya distribisyo ndiyo inaua moteri. Kwenye 1HZ, na kwenye moteri za Hiace 3L na 5L, inabadilishwa kila kilometre 100 000. Gari ya okazyo usiamini kontere yake, juu inarudishwa nyuma kirahisi. Badilisha kurwa siku ya kununua. Ikikatika kwenye mlima, valvu zinagonga pistoni, na gharama ni ya moteri nzima.

Ukivuka maji marefu, siku ya pili angalia mafuta ya bwati na ya daraja la nyuma. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, yamwage. Kaza buloni za kitanda na za magurudumu kila urudipo. Kuteremuka toka Mushaki, tumia vitese ya pili ama ya kwanza, freni zipumzike. Zikipata moto zinaacha kushika.

Pa kusimama

Tangu mwanzo wa mwaka 2025 vita imebadilisha mara nyingi wenye kushika barabara hizi, kwa hiyo habari ya jana haifai. Uliza mashofere wanaotoka upande ule, asubuhi hiyohiyo. Usilale peke yako porini hata kama gari yako ni nzuri namna gani. Tafuta uwanja wa parokia, wa kituo cha afya ama wa shefu wa kijiji, na ujitambulishe mbele ya giza. Makaratasi ya gari yaliandikwa kwa gari ya abiria. Ukiondoa viti, nenda uulize ofisi ya usafirishaji mbele ya kuanza kazi, juu kizuizini mtu akiona kitanda mahali pa viti atakuwa na maswali, na maswali ya kizuizi yako na bei. Geuza pua ya gari kuelekea barabara, funguo pahali pamoja panapojulikana na wote, viatu karibu na mlango.