Nguo Iliyozunguka Kisiwa cha Kilwa

Tarihi ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasimulia kwamba Ali bin Hasan alitoka Shiraz, Uajemi, akafika Kilwa Kisiwani, akakinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka chote. Mwenyeji aliyekiuza akahamia bara. Aliporudi kukitwaa tena, alingoja maji yapwe avuke kwa miguu kama zamani. Hayakupwa. Mkondo ulikuwa umekwisha chimbwa.

Simulizi hii ilisomwa kwa kutafuta kilichotakiwa, si kilichokuwamo. Katika miji ya pwani, nasaba ya Shiraz ilikuwa heshima. Kwa Wazungu wa enzi ya ukoloni, iliondoa taabu ya kukiri kwamba Waafrika walijenga miji ya mawe: James Kirkman, aliyeanza kuchimba magofu ya Gedi, katika pwani ya Kenya, mwaka 1948, alikipa kitabu chake cha 1954 jina linalouita Gedi mji wa Kiarabu. Baada ya uhuru upepo ukageuka, na wengi wakaona Washirazi ni hadithi tupu.

Udongo haukuwa na upande. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe, akakuta misikiti mingine ya kale zaidi, mmoja juu ya mwenzake. Ule wa chini kabisa, wa karne ya 8, ulikuwa wa miti. Haukuacha ukuta wowote, ila madoa meusi ardhini palipooza nguzo. Vigae vingi vilivyouzunguka ni vya vyungu vya wenyeji. Mwanaisimu Derek Nurse na mwanahistoria Thomas Spear nao walionyesha mwaka 1985 kwamba Kiswahili ni Kibantu, ndugu wa Kimijikenda na Kipokomo.

Mwaka 2023 yakatangazwa matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani. Kila kambi iliambulia jambo gumu kumeza. Kwa wengi, zaidi ya nusu ya asili ilikuwa ya Kiafrika, hasa upande wa mama; lakini upande wa baba walikuwamo Waajemi kweli, na mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000. Hata hapo tahadhari inahitajika, kwa kuwa makaburi mengi yalikuwa ya wenye hadhi, nayo hayawezi kumsemea mvuvi wala mkulima.

Wala Tarihi haikuficha. Inaeleza kwamba wageni waliposhuka Kilwa walimkuta Mwislamu aitwaye Muriri wa Bari, pamoja na watoto wake, na msikiti ukiwa tayari umesimama.