Wahusika Wazaliwao kwa Kanuni: Kutoka Ngano hadi Mchezo wa Kompyuta

Kijana wa Utange, upande wa Kisauni, aweza leo kucheza mchezo wa kompyuta ambao wahusika wake hawakubuniwa mmoja mmoja na mwandishi, bali huundwa na mashine yenyewe kwa kufuata kanuni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jambo hilo lina asili ya kale katika fasihi simulizi.

Fanani wa ngano hakuhifadhi kisa neno kwa neno. Alirithi nafasi zilizo wazi, kama vile mdogo mwerevu, mkubwa mpumbavu na mla watu, akazijaza kwa kadiri ya hadhira yake. Kwa Waswahili, mla watu ni Zimwi. Kwa Wasomali ni Dhegdheer, mwanamke mwenye sikio refu. Baada ya mwaka 1991 Utange palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Somalia, na hivyo wenye Zimwi na wenye Dhegdheer wakawa majirani. Majina ni mawili, lakini nafasi ni moja.

Mwaka 1928 Mrusi Vladimir Propp, akichambua ngano 100 za kwao, alibainisha matendo 31 na dhima 7 za wahusika. Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Yale, James Meehan alikamilisha TALE-SPIN, programu ya kutunga hadithi. Mchezo wa Rogue wa mwaka 1980 uliunda mapango mapya kila ulipochezwa. Na Dwarf Fortress, uliotolewa mwaka 2006, huunda ulimwengu mzima pamoja na historia ya watu wake.

Hata hivyo, programu ya Meehan iliwahi kutunga kisa ambamo chungu alianguka mtoni, na aliyekufa maji akawa uvutano wa dunia, kwa kuwa haukuwa na miguu, mabawa wala rafiki wa kuuokoa. Kanuni zilifuatwa barabara. Lililokosekana ni msikilizaji. Fanani angalikatizwa papo hapo, tena na mtoto mdogo.

Kwa hiyo "Paukwa" isiyojibiwa "Pakawa" haijawa hadithi. Yatupasa sisi wakusanyaji tujihoji: tunapoandika maneno ya fanani peke yake, tukayaacha majibu, vicheko na mabishano ya hadhira, tunahifadhi ngano, au tunahifadhi kanuni zake tu?