Mtoro ni Nani? Kutoka Kengeleni Hadi Barua ya Kufutwa Kazi

Barua aliyopewa mtoto wa khalati yangu ilikuwa na mistari minne, na ndani yake neno moja ndilo lililoniuma: ametoroka kazi. Jamaa alikuwa kitandani Likoni siku tisa. Haogi, hali, simu ameizima na kuiweka chini ya godoro. Kabla ya hapo alikuwa akivuka feri saa kumi na moja alfajiri, anapanda matatu hadi kiwandani upande wa Changamwe, anashona mifuko ya suruali mpaka jioni. Miaka miwili hivyo, hakukosa siku. Siku ya kumi mamake akamkokota hospitali, daktari akaandika dipresheni (vitabuni wanaiita sonona, lakini mtaani sijasikia mtu akilitamka). Aliporudi kazini na kikaratasi chake, barua ilikuwa ishachapishwa. Mtoro.

Likanikaa kichwani hilo neno. Manake hapa Pwani mtoro si neno dogo.

Wewe unayepita Kengeleni kila siku ukielekea Kisauni, ushawahi kujiuliza kengele ni ya nini? Pale ndipo Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishenari wa Kanisa la Uingereza mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele iligongwa kuwaonya watu hatari ikija. Na waliokimbilia kwa wamishenari hawakuwa wale wa majahazini peke yao. Kulikuwa na watumwa waliotoka mashambani mwa mabwana zao kwa miguu yao wenyewe, wakajificha Frere Town, na wengi zaidi Rabai. Hao ndio walioitwa watoro. Mabwana wakaja juu: wanataka mali yao. Tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala Pwani akawalipa mabwana fidia, na watoro karibu 1,400 wakapewa barua za uhuru. Soma hapo tena taratibu. Aliyelipwa ni bwana. Mtumwa alipata karatasi.

Utumwa ukafutwa kisheria hapa Pwani mwaka 1907, lakini utoro haukufutwa. Mwaka mmoja nyuma, 1906, serikali ya kikoloni ilikuwa imeshatunga sheria ya Mabwana na Watumishi, na ikaikaza tena 1910. Chini ya sheria hiyo, kukosa kazini bila ruhusa lilikuwa kosa la jinai. Faini au jela. Si kukatwa mshahara, jela! Baada ya vita vya kwanza vya dunia kikaja kipande, kile cheti ambacho mwanamume Mwafrika alitembea nacho ndani ya kikopo cha bati shingoni, kimeandikwa mwajiri wake ni nani na kama amemaliza naye vizuri. Mtoro akawa rahisi kusakwa.

Mwaka huo huo wa 1910 hospitali ya Mathari ilianza kule Nairobi kama nyumba ya kufungia vichaa. Mimi siwezi kusema kuna mtu alikaa mezani akapanga mambo hayo mawili kwa pamoja. Lakini ukiyaweka sambamba unaona mfanyakazi alibakiziwa nini: akili ikimchoka, ama ni mtoro, ama ni kichaa. Njia ya katikati, yaani mtu anaumwa, apumzike, arudi kazini kwake, haikuwepo.

Halafu kuna huyu bwana J. C. Carothers. Daktari wa serikali ya kikoloni, akapewa Mathari mwaka 1938 hata kabla ya kusomea magonjwa ya akili. Akaandika kwamba Waafrika hupata dipresheni kwa nadra sana, na akafananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kitabu chake kikachapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, si kijarida cha uchochoroni. Kwa hiyo siku mjomba akikwambia "dipresheni ni ugonjwa wa wazungu", ujue hilo si la mababu zetu. Ni la huyu.

Wafanyakazi wa Mombasa hawakukaa kimya miaka hiyo. Januari 1947 mji mzima ulisimama, bandari, reli, mahoteli, na Chege Kibachia akawa sauti ya chama chao mpaka serikali ikamkamata na kumpeleka Baringo. Kilio kikubwa kilikuwa mshahara na mahali pa kulala. Siwalaumu, tumbo kwanza.

Sasa njoo leo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inasema ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo unastahili likizo ya ugonjwa, hiyo tunayoiita siki ofu: si chini ya siku 7 kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu, kila mwaka, ukileta cheti cha daktari kwamba huwezi kufanya kazi. Haisemi ugonjwa wa mwili tu. Cheti kutoka Port Reitz, tunakocheka nacho mtaani ati "utapelekwa Port Reitz", kina uzito ule ule wa cheti cha malaria. Kifungu cha 5 kinakataza kubaguliwa kwa hali ya akili, na cha 46 kinasema kuchukua likizo unayostahili si sababu halali ya kufutwa.

Ila sheria hiyo hiyo, kifungu cha 44, bado inamruhusu mwajiri kumfuta papo hapo anayekosa kazini bila ruhusa wala sababu ya kisheria. Mtoro yuko hai humo ndani. Na kile cha 41, kinachomtaka mwajiri akusikilize kwanza, wewe na mwenzako mmoja wa kazini, kinataja utovu wa nidhamu, kazi mbovu, na kutoweza kimwili. Kimwili. Akili haikutajwa. Na siku 14 zenyewe! Dawa za dipresheni huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajahisi nafuu. Marekani sheria yao ya 1993 inalinda kazi ya mgonjwa hadi wiki 12, japo bila malipo, na si kwa kila mfanyakazi. Sisi 2022 tulirekebisha Sheria ya Afya ya Akili, kaunti zikapewa wajibu wa matibabu, lakini siku zikabaki zile zile 14.

Kuna kitu kimoja nilikikuta kifungu cha 30 na nikakasirika kwamba hatukukijua mapema. Mgonjwa anatakiwa amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, yeye mwenyewe au amtume mtu. Mtu yeyote! Ugonjwa unaokufanya uzime simu uweke chini ya godoro, sheria imekuachia mlango wa kutumiwa meseji na mamako. Khalati angemwandikia supavaiza siku ya pili. Hakuandika, aliona aibu. Aliwaambia majirani ni taifodi.

Nilipomwambia, alinyamaza sana, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo ni makosa yangu?" Nikamjibu hapana, khalati. Hata mimi niliyesoma sikuwa najua, na wao kiwandani wanaojua hawakupiga hata simu moja kuuliza yuko wapi, wala hawakumwita akae nao chini kabla ya kuchapa ile barua.

Malalamiko ya kufutwa hupelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3. Zimebaki wiki tano. Jamaa siku hizi anaoga, anakula, jana alitoka mpaka kwa muuza mahamri. Jumatatu tunavuka feri pamoja, yeye, mimi, barua na kile kikaratasi.